KUTUNZA KILICHO CHA WATOTO
Historia fupi ya walei waliojitolea kusimamia masomo na kazi za vijana



Katika jubilei ni desturi kuhesabu waliobatizwa, ndoa zilizobarikiwa, na mapadri waliotoka katika jamaa zetu. Hesabu hizo ni za haki. Ukurasa huu unataka kukumbuka watu wa namna nyingine: baba na mama, walimu wazee, wauzaji wa soko, wanafunzi wa chuo kikuu, ambao bila mshahara waliketi katika komite za watoto. Walitunza ufunguo wa sanduku, wakaandika daftari, wakaulizwa maswali makali, na mara nyingine wakachukiwa kwa sababu ya majibu yao.

Murara ni karitye ya Komine ya Karisimbi, na kila mwenyeji anajua namna watoto walivyo wengi na nafasi ilivyo ndogo. Mtoto akitoka masomo mchana, nyumbani hana meza, na usiku taa haina hakika. Mama yuko sokoni, baba yuko kazini au anatafuta kazi. Barabara inamwita, na wanaochukuliwa na barabara tumezoea kuwaita maibobo, kana kwamba hawakuwa na jina la ubatizo. Ndiyo sababu watu wenye moyo huanzisha kazi ya mchana: kumpokea mtoto, kumsaidia kusoma, kumchezesha, kumlisha pale inapowezekana. Na kila mara kazi ya namna hiyo inapoanza, swali linarudi lile lile: nani atatunza kilicho cha watoto, na nani atamwangalia mtunzaji?

I. Zamani za misioni

Wakati wa Wabelgiji, masomo katika Kivu yalikuwa hasa mikononi mwa misioni. Tangu miaka ya 1920 Serikali ya ukoloni iliyapa masomo ya misioni za Kikatoliki msaada wa franga. Padri mkubwa wa misioni alipokea, aligawa na aliandika. Wazazi walileta watoto, na mara nyingi walileta mikono yao vilevile. Lakini daftari hawakuliona, wala hakuna aliyewaomba shauri juu yake. Kutokana na mazoea hayo lilizaliwa wazo ambalo halijafa hata leo: kwamba mali ya masomo ni mali ya Padri, na mlei anayeuliza juu yake anakosa heshima.

Mlango ulianza kufunguka nje ya darasa. Mwaka 1952, katika Bukavu, Padri Georges Defour wa Mapadri Weupe alianzisha Xaveri, chama cha vijana kilichopewa jina la Mtakatifu Fransisko Xaveri. Vijana walikusanyika nje ya saa za masomo, wakaimba, wakacheza, wakasaidia wagonjwa na wazee. Jambo kubwa lilikuwa hili: kijana aliongozwa na kijana mwenzake, aliyepewa mzigo na kutakiwa kuutolea maelezo. Wazee wengi wa Goma waliowahi kuwa Waxaveri wanajua kwamba walijifunza kushika neno lao mbele ya wenzao kabla ya kujifunza kushika kazi ya ofisi.

II. Mashirika ya jirani

Mwaka 1961, Maaskofu wa Kongo katika Mkutano wao Mkuu walichagua njia mpya: Kanisa lijengwe juu ya jumuiya hai, ndogo, za watu wanaojuana. Sisi tunaziita mashirika. Jimbo la Goma lilikuwa bado changa, na Askofu wake, Mheshimiwa Yosefu Busimba, aliyeliongoza tangu 1960 hadi kifo chake katika 1974, ndiye aliyelisindikiza katika miaka hiyo ya kwanza ya uhuru.

Kwa neno letu la leo, shirika lina maana kubwa, kwa sababu lilifundisha watu wa kawaida mambo matatu: kumchagua kiongozi mbele ya macho ya wote, kuchanga kidogo kwa ajili ya mwenye shida, na kusikia namna mchango ulivyotumika. Kisha mama zetu walikwisha kuyajua hayo katika likelemba. Katika likelemba franga huhesabiwa mbele ya wote, zamu inajulikana, na anayechelewesha anaitwa kwa jina. Hakuna aliyewafundisha mama hao neno «utawala bora». Lakini kazi yake waliifanya, maana walijua kwamba mahali pasipo na macho ya wengi urafiki huvunjika.

III. Miaka ya majaribu, 1972 hadi 1977

Katika 1972, wakati wa ugomvi kati ya Serikali ya Mobutu na Kardinali Malula, vyama vya vijana vya dini vilikatazwa, na vijana wote wakatakiwa waingie katika JMPR, tawi la vijana la chama kimoja cha taifa. Kazi ya kujitolea ikageuzwa kuwa kazi ya lazima. Neno salongo, lililotakiwa kuwa la furaha, wengi wakalisikia kama amri. Mwisho wa 1974 Serikali ikatangaza kuyachukua masomo ya makanisa. Mwaka huo huo Askofu Faustin Ngabu alipokea uongozi wa Jimbo la Goma, ambao alibaki nao hadi 2010.

Haikupita miaka mingi, Serikali ikaona kwamba haiwezi mzigo huo peke yake. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia mkono kwenye Mapatano pamoja na Kanisa Katoliki, Kanisa la Kiprotestanti na Kanisa la Kikimbangu. Tangu siku hiyo tukapata masomo tunayoyaita ya mapatano: Serikali inatoa sheria na inapaswa kuwalipa walimu, Kanisa linasimamia kazi ya kila siku.

Miaka hiyo mitano inatupa fundisho lisilozeeka. Serikali ilipoyachukua masomo, wazazi wengi hawakuwa na la kusema, kwa sababu hata mbele ya hapo hawakuwa wamepewa sauti. Mali ilitoka mkono mmoja ikaingia mkono mwingine, na mwenye watoto alibaki mtazamaji. Kazi isiyokuwa na wenyewe wengi ni rahisi kuchukuliwa.

IV. Kanisa laandika sheria

Tarehe 25 Januari 1983 Papa Yohane Paulo II alitangaza Mkusanyo mpya wa Sheria za Kanisa, ulioanza kutumika tarehe 27 Novemba mwaka huo. Mambo manne yaliyomo yanafaa kujulikana na kila mkristu. Kila parokia inapaswa kuwa na komite ya mali, ambamo waamini wanamsaidia paroko (kanuni 537). Kila chama cha Kanisa chenye haki ya kushika mali kiwe na komite yake ya mali, au kwa uchache washauri wawili (kanuni 1280). Msimamizi atunze vema vitabu vya yanayoingia na yanayotoka, na atengeneze hesabu mwisho wa kila mwaka (kanuni 1284). Na waamini waelezwe juu ya vitu walivyomtolea Mungu (kanuni 1287).

Hayo si mashauri ya wageni waliotuletea pesa, wala si desturi ya wazungu. Mtume Paulo alipokusanya msaada kwa ajili ya maskini wa Yeruzalemu, alipeleka watu zaidi ya mmoja pamoja na sadaka ile, ili asiwepo wa kumshitaki. Akaangalia yaliyo mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Tukumbuke pia kwamba kati ya Mitume mshika mfuko alikuwa Yuda. Kama hata katika kundi la Yezu mfuko ulikuwa hatari, komite yetu isijidhanie kuwa takatifu zaidi.

V. Mzigo wa wazazi

Kuanzia miaka ya 1990 nchi ilitikisika. Mishahara ya walimu ilikuwa haitoshi hata unga wa juma moja, na katika mwaka wa masomo 1992-1993 mgomo ulifunga masomo mahali pengi. Ili milango ifunguliwe tena, wazazi walikubali kumlipa mwalimu wenyewe, malipo tuliyoyaita primu. Desturi ile iliyodhaniwa kuwa ya muda mfupi ilidumu zaidi ya miaka 25. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ya bure, lakini ni mwezi wa Septemba 2019 tu neno hilo lilipoanza kutendeka katika nchi nzima.

Ni katika miaka ile ya primu komite za wazazi zilipata nguvu na vishawishi kwa wakati mmoja. Tuwe wakweli, maana jubilei isiyo na ukweli ni ngoma tu. Ziko komite zilizokaa pamoja na direkta, zikapunguza malipo ya yatima, zikasoma hesabu mbele ya wazazi wote. Ziko nyingine ambazo wajumbe wake walichaguliwa na direkta mwenyewe, wakatia mkono kwenye karatasi wasizozisoma, wakapewa soda na bahasha ndogo. Katika komite za namna hiyo aliyeumia hakuwa mzazi tajiri, bali mtoto aliyefukuzwa darasani kwa franga ambazo pengine jamaa yake ilikwisha kuzilipa, lakini hazikuandikwa popote. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa pamoja na mali alipotea mtoto.

Tangu 2019 shida imebadili sura. Watoto wa masikini wameingia kwa wingi, na darasa limejaa kupita kiasi. Mwalimu mwenye umati mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Hivyo kazi ya mchana, ambayo zamani wengi waliiona kama nyongeza, imekuwa ya lazima kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna wa kumwonyesha herufi.

VI. Wakimbizi, moto na misaada

Katika Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kwa siku chache, kolera ikaua watu wengi mno, na dunia nzima ikajua jina la mji wetu. Kisha zikaja vita za 1996 na 1998. Pamoja na machozi yalikuja magari meupe na misaada, na vyama vya kusaidia watoto vikazaliwa kila upande. Vingine vilizaliwa kwa huruma, vingine kwa harufu ya pesa. Tarehe 20 Julai 2001 ilitolewa sheria nambari 004/2001 juu ya vyama visivyotafuta faida. Sheria hiyo inakitaka chama kiwe na mkutano mkuu wa wanachama, kiwe na wasimamizi, na kiwe na wakaguzi wa hesabu. Maana yake ni nyepesi kufahamu: wenye chama, watenda kazi na waangalizi wasiwe mtu mmoja aliyevaa kofia tatu.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Mto wa moto ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukateketeza maelfu ya nyumba na Kanisa Kuu letu la Mtakatifu Yosefu. Siku zile zilionyesha nini kinachobaki kazi inapopoteza nyumba yake. Kazi yenye mtu mmoja tu hukimbia pamoja na mtu huyo. Kazi yenye komite ya watu saba au tisa wanaojua watoto kwa majina inaweza kuanza tena chini ya hema, juu ya mawe meusi yaliyo moto bado.

VII. Kijana wa Goma

Hatuwezi kuandika juu ya jambo hili bila kumtaja mwana wa mji wetu, Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma katika Juni 1981, akasoma sheria. Akiwa bado kijana wa masomo makubwa aliingia katika Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na Andrea Riccardi pamoja na wanafunzi wenzake. Inafaa kukumbuka namna jumuiya ile ilivyoanza: wanafunzi walitoka katikati ya mji, wakaenda kwenye vibanda vya pembezoni, wakawafundisha watoto wa maskini baada ya masomo yao. Walimu hao hawakulipwa. Kazi hiyo leo inaitwa Shule ya Amani na iko katika nchi nyingi. Goma vilevile iko, na Floribert aliitumikia, akiwakaribia watoto wa barabarani, kuwafundisha, kuwatafutia nafasi ya kusoma.

Kisha alipata kazi katika Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, OCC, inayopima bidhaa zinazoingia nchini. Mpakani mwetu, kati ya Goma na Gisenyi, bidhaa hupita kila siku. Floribert alikuta chakula kilichoharibika, akakataa kisipite. Akaahidiwa pesa, akakataa. Akatishwa, akakataa tena, kwa kuwa alijua chakula kile kingeliwa na nani. Tarehe 7 Julai 2007 alinyakuliwa. Siku mbili baadaye maiti yake ilipatikana. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Papa Fransisko aliwatajia vijana jina lake katika Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023. Mwezi wa Novemba 2024 alikubali atambuliwe kuwa shahidi, na tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma, alitangazwa Mwenye Heri. Mjini Goma iko shule inayoitwa kwa jina lake, iliyojengwa kwa ajili ya watoto waliokimbia vita.

Wengine husema: huyu alikuwa shujaa, sisi ni watu wa kawaida. Tuangalie vizuri. Aliyemfundisha mtoto mchana bila malipo, na aliyekataa rushwa ofisini, ni mtu yule yule, na moyo ni ule ule. Aliyezoea kuketi na mtoto mwenye njaa hawezi kuona gunia la chakula kibovu kama karatasi ya kutia mkono tu. Lakini liko pia fundisho la pili, nalo ni zito. Floribert alikataa karibu peke yake. Taratibu nzuri za komite, mikono miwili kwenye kila karatasi, hesabu inayosomwa hadharani, zimewekwa ili mtu mwaminifu asiachwe peke yake. Pale ambapo kukataa ni kazi ya watu saba, mwenye tamaa hajui ampige nani.

VIII. Yanayotupasa sisi

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia tena ndani ya Goma. Kambi za wakimbizi zilivunjwa, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Komite nyingi zilijikuta zikishika mchango wa watoto mkononi, nyumbani kwa mtu, bila hati ya benki. Katika hali kama hiyo uaminifu wa moyo ni lazima, na daftari ni lazima zaidi, maana siku watu wanapokuwa na njaa maneno mabaya hutembea upesi kuliko ukweli.

Kwa hiyo, kutokana na historia tuliyoisoma, tunaweka mbele yenu mambo machache ambayo kila komite ya watoto inaweza kuyatimiza hata bila msaada wa mbali.

Kwanza, wajumbe wachaguliwe na wazazi na wanaoitumikia kazi, kwa muda unaojulikana, na muda ukiisha wapishe wengine. Mzee aliyetumikia vizuri anaheshimiwa zaidi akimfundisha atakayemfuata.

Pili, anayetunza sanduku asiwe ndiye anayeruhusu matumizi, na mkaguzi wa hesabu asiwe ndugu wa mmoja wao. Sanduku liwe na funguo mbili kwa watu wawili wa nyumba mbili.

Tatu, kila franga inayoingia iwe na karatasi yake, hata ikiwa ni mchango wa mama muuza ndizi. Sadaka ndogo ndiyo inayotaka kuandikwa kwa heshima kubwa.

Nne, hesabu isomwe mbele ya watu, kwa lugha wanayoifahamu, na swali lisihesabiwe kuwa uasi. Anayeuliza anaisaidia komite kulala usingizi.

Tano, komite ijue watoto. Mjumbe asiyefika mahali wanaposomea hata mara moja kwa mwezi anasimamia karatasi, hasimamii watoto. Na mtu mzima yeyote anayepewa nafasi karibu na watoto achunguzwe mbele ya kupewa ufunguo, kwa kuwa mtoto ni mali kuliko sanduku.

Kwa mapadri wetu wapenzi tunasema kwa unyenyekevu: paroko anayewaachia walei daftari hapunguzi cheo chake. Anapata wasaidizi, na atakapohamishwa kwenda parokia nyingine kazi haitahama pamoja naye. Kwa walei wenzetu tunasema: tusikimbilie komite kwa ajili ya kiti cha mbele, wala tusiikimbie kwa kuogopa maneno ya watu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jubilei inatuagiza kuwashukuru waliotutangulia. Wengi kati ya hao waliotunza kilicho cha watoto wamelala makaburini bila picha kwenye ukuta wowote. Lakini yupo leo mwalimu, muuguzi, fundi au padri ambaye siku moja alipewa kitabu kisichokuwa kimeuzwa njiani, au bakuli la uji lisilokuwa limepunguzwa, kwa sababu mtu fulani alilinda ufunguo. Mwenyezi Mungu awalipe, naye Mwenye Heri Floribert atuombee, ili watoto watakaosherehekea jubilei ijayo hapa Murara wakute sanduku lina funguo zake mbili, na daftari limeandikwa hadi ukurasa wa mwisho.